Chumvi ya Siku ya Mtihani

Mwaka huu tena wametuita kwenye ukumbi wa parokia, sisi wenye resto, yaani mikahawa, za Kamina, ili tuulizwe swali lile lile: mnaweza kuwasaidiaje vijana wanaojifunza upishi? Tukakaa kwenye viti vya plastiki. Mwenye resto ya karibu na soko akasema atatoa makaa. Mwingine akasema atatoa sufuria zake kuukuu, na kwa jinsi ninavyozijua sufuria hizo, zimekawia kutolewa. Zamu yangu ilipofika, nikasimama nikasema: siku ya mtihani, waacheni wasichana wapike wawili wawili.

Kijana aliyeongoza mkutano alitabasamu jinsi vijana wanavyomtabasamia mama aliyechoka. Akanieleza kwa adabu kwamba mtihani ni wa mtu mmoja mmoja, kwamba wawili wakipika pamoja haitajulikana nani anajua na nani anabebwa. Akaniuliza sababu yangu ni ipi. Nikamjibu kwamba sababu ninayo, ila si ya kusemwa katika ukumbi wenye wanaume. Watu wakacheka, wengine mpaka wakajipiga mapaja. Nikakaa chini, nikarudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoandika sasa.

Sitaji jina la mtu, hata langu. Wasichana waliopita jikoni kwangu ni wengi, na mtu wa Kamina akijaribu kubahatisha ni yupi kati yao, atakosea. Nilimwahidi mmoja kwamba sitasema. Nimejiambia kwamba kusimulia bila jina si kusema, na kama si hivyo, basi lawama ni yangu.

Resto yangu iko upande wa stesheni, meza chache chini ya mabati, na jiko nyuma. Nilizaliwa katika kambi ya reli. Wazazi wangu ni watu wa Kasai, na miaka ile ya mwanzo wa tisini tulipofukuzwa na kuambiwa twende kwetu, mama yangu aliondoka na sufuria moja kichwani, kama vile kwetu kungekuwa mahali pengine zaidi ya hapa. Nilirudi baadaye nikiwa mke wa mtu wa reli, nikaanza kupika, kwa sababu wanaosubiri treni ni lazima wale, na Kamina wanaosubiri treni hawakosekani. Kwangu wanakula bukari, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo, kwa kuku, kwa samaki wakavu wa Kinkondja. Sijui kutengeneza kitu kingine, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Wasichana walianza kuja kwangu kutoka kituo cha watawa, ambacho sisi huku tunakiita foyer. Kule wanafundishwa kushona, kusoma, na kupika. Siku moja mtawa anayekiongoza alinialika niende kuona somo la upishi. Nikakuta wasichana wengi wamezunguka mbabula moja, yaani jiko moja la makaa, na juu yake sufuria moja, na ndani ya sufuria kuku mmoja mwenye huzuni. Mmoja alikuwa anakoroga, waliobaki walikuwa wanatazama. Ukutani kulikuwa na maelezo ya sosi nyeupe ya maziwa na siagi, vitu ambavyo nusu ya wale wasichana walikuwa hawajawahi kuvishika. Nikamwambia mtawa, kwa upole ninaoweza, kwamba hapo wanajifunza kutazama. Awalete kwangu, washike moto.

Akawaleta, wachache wachache, kwa staji, mafunzo ya kazini ya miezi kadhaa. Wenzangu wengine pia waliwapokea kwa mikono miwili, mikono ya kuwakabidhi sahani chafu. Msichana anamaliza staji, mikono imechubuka kwa sabuni, na sufuria ameiona akiwa mbali nayo. Hilo lilinikera na bado linanikera. Kwangu, anayefika asubuhi anawasha mbabula yake, na mchana mteja mwenye njaa anakula alichopika yeye. Kikiungua, mteja anamwambia yeye. Hakuna darasa linaloweza kumpa mtu kitu hicho. Wa kwanza kabisa alilia kwa moshi siku nzima. Wa pili alinijibu vibaya, nikampenda.

Huyu ninayemsimulia alitoka Kinkondja, kando ya ziwa. Alilelewa na bibi yake, kisha mjomba wake, mtu wa reli, akamleta Kamina akae kwake kambini na asome foyer. Alikuwa mzito wa kusema, mwepesi wa kucheka, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Vitunguu alivikata vinene, nikamgombeza, akaendelea kuvikata vinene. Sufuria alizisemesha kwa Kiluba, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mchuzi aliuonjea nyuma ya mkono, hata nilipomnunulia kijiko. Na mchuzi wenyewe, jamani, nilikuwa naona wateja wakifuta sahani kwa tonge la mwisho, kisha wakitafuta tonge jingine la kufutia.

Nyumba moja ya wageni mjini ilikuwa imeahidi kumchukua msichana mmoja wa foyer jikoni, kazi ya kweli, mradi awe na cheti chake. Mtawa alikuwa amemfikiria huyu. Mjomba naye alikuwa amesema wazi: mtihani mmoja, basi. Nyumba yake ilikuwa imejaa watoto wake, na bibi kule ziwani alikuwa anazeeka peke yake na samaki wa kukausha. Akifaulu, abaki. Akishindwa, arudi. Msichana alijua, mimi nilijua, na nadhani hata sufuria zilijua.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wanawake wa huku hawahitaji kuelezwa tena, maana wanakua nalo. Mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi katika chakula cha wengine. Anaweza kuchinja, kukata, kukaanga, kusonga bukari. Chumvi haigusi. Akiitia, wanaokula wanapata kifua: watakohoa, na yule ambaye tayari anakohoa, kifua kitamwondoa duniani. Hivyo ndivyo bibi anavyomfundisha mjukuu, na anamfundisha kwa sauti ya chini, mara moja tu. Padri anahubiri kwamba hayo ni mambo ya kale. Akina mama wa kwaya wanaitikia amina, wanarudi nyumbani, na siku zao zikifika wanamwita mtoto mdogo aje atie chumvi.

Mimi siamini. Nasema hivyo waziwazi. Lakini jiko si kanisa, na katika jiko langu jambo hilo lilikuwa na mpango wake. Mimi ni mwanamke ambaye siku hizo zimeshamwacha, kwa hiyo chumvi ya resto iko chini yangu. Msichana akiwa katika hali hiyo, anasema tu, "Mama, uniwekeeko chumvi," nami natia, na hakuna anayegeuza kichwa. Hata kibu, vile vidonge vya ladha ya mchuzi, nazitia mimi, maana kibu ni chumvi iliyovaa karatasi. Wateja wangu wote wana mama, wanajua mambo haya bila kuyasema, na ndiyo sababu wanakula kwangu wametulia. Katika darasa la foyer mpango huo haukuwako. Mtawa alitoka mbali, na kitabu chake kilisema kwamba mpishi mzuri huonja mwenyewe na kutia chumvi mwenyewe.

Mtihani ulikuwa wakati wa kiangazi, miezi ile ambayo asubuhi ya Kamina inauma vidole na majivu ya nyasi zilizochomwa yanaanguka hadi kwenye ndoo za maji. Foyer hawakuwa na mbabula za kutosha, basi nikajitolea: wafanyie kwangu. Nilifunga resto kwa wateja, nikafagia uwanja wa nyuma, nikapanga mbabula kwa mstari, kila msichana na meza yake, kisu chake, mafuta yake, kibakuli chake cha chumvi. Nilijivuna, sitaficha. Nilijiona mama wa arusi.

Kutoka Lubumbashi alikuja mtahini mkuu kwa treni, mzee mwembamba mwenye koti la sufu na begi la ngozi, ambaye zamani alikuwa mpishi katika hoteli kubwa. Pamoja naye waliketi maofisa wawili wa hapa mjini. Alikuwa mtu wa heshima, nataka hilo lijulikane. Alimsalimia kila msichana, alinipongeza kwa usafi, akakataa kiti chenye mto. Ila alikuwa anakohoa. Vumbi la safari na baridi vilikuwa vimemkaa kifuani, na kila baada ya maneno machache alisimama, akainamia leso, akakohoa mpaka mabega yakatikisika, kisha akaomba radhi.

Kanuni zilisomwa. Kila mmoja atapika peke yake kuku wa kienyeji kwa nyanya, sombe na bukari. Hakuna kuzungumza. Hakuna mtu wa nje kukanyaga uwanja wa kupikia, na akikanyaga, mtihani wa wote umefutwa. Mimi mwenye jiko nikawa mtu wa nje. Nikakaa ndani pamoja na mtawa, kwenye benchi, mlango uko wazi mbele yetu.

Nilimwona akiwasha moto wake. Nilimwona akikata vitunguu vyake vinene, nikatabasamu. Harufu ilianza kuja, na kati ya harufu zote niliijua ya kwake. Kisha nikamwona anasimama. Kuku alikuwa anachemka, sombe ilikuwa imeiva, naye amesimama mikono ikiwa nyuma, anakitazama kibakuli cha chumvi. Akakisogeza mpaka ukingoni mwa meza, mbali na sufuria. Kisha akainua macho, akanitafuta mlangoni, akaniona.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilisimama. Mtawa akanishika kitenge. "Mama, ukiingia mule, unaharibia bote," akaninong'oneza. Alisema kweli. Wenzake walikuwa wameinamia sufuria zao, kila mmoja na mjomba wake, kila mmoja na deni lake la matumaini. Nikamwambia mtawa sikioni kwamba msichana wangu anahitaji mtu wa kumtilia chumvi. Akanitazama asielewe. Nikamweleza kwa maneno mawili, akawa mwekundu, kisha akasema, "Lakini hayo ni imani za giza tu. Atatia." Nikajibu kwamba hatatia. Tukakaa pale kama watu wawili wanaoangalia nyumba inaungua ng'ambo ya mto.

Hakutia. Alifunika sufuria, akasonga bukari, akapakua vizuri, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa kama nilivyomfundisha. Kuku alikuwa ameng'aa. Akaipeleka sahani mezani kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akarudi nyuma.

Mzee alionja mchuzi. Akaonja sombe, akaonja mchuzi tena kutoka upande mwingine wa sahani, kama mtu anayetafuta funguo. Akawapa maofisa wale wawili, nao wakaonja, wakatazamana.

"Mutoto," akasema, bila ukali, "chumvi haiko."

Msichana akainamisha macho.

"Ulitiaka kwanza, ao hata kidogo?"

"Hapana, papa."

"Juu ya nini?"

Mzee akangoja aambiwe sababu, akakohoa ndani ya leso yake, akaomba radhi. Kisha akaisukuma sahani mbele kidogo, na kwa kidole tu ile sahani ikawa imekwenda mbali sana. Wenzake wote walifaulu. Walishangilia kwa vigelegele mbele ya uwanja wangu, naye akiwa nyuma anaosha sufuria, hata za wenzake.

Nikamfuata. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haichagui pa kuangukia. "Ungetia tu," nikamwambia. "Nani angejua? Ni mimi tu nilijua, na mimi siamini."

Akaendelea kusugua. "Ule papa iko anakohola, mama," akasema. "Haukumusikia? Iko na kifua tayari. Ningetia, minyi njo ningemumaliza. Na iko muzee wa bantu, iko na bana bake kule Lubumbashi."

Nilikuwa nimedhani anaogopa aibu, au anamwogopa bibi yake. Kumbe alikuwa ameketi na yule mzee moyoni mwake muda wote ule wa kupika, akihesabu kikohozi chake. Nikasema basi, nakwenda kumweleza sasa hivi, ana begi lake mezani, hajaondoka. Akaacha sufuria, akanishika mkono kwa mkono wenye povu. Alikuwa hajawahi kunishika.

"Hapana, mama. Hapana kusema. Bile bitu bya banamuke haibasemake ku banaume. Nitaenda na uso gani? Uniapie."

Nikaapa. Nilijua ninaapa jambo baya, na nikaapa.

Jioni ile nilikwenda kambini kwa mjomba. Nikamwomba amwache msichana kwangu, apike, alale kwangu, angoje mtihani mwingine. Mjomba alinipa kiti na maji ya kunywa. Akasema hana ubaya na mimi. Lakini msichana wa kwao kulala nyumba ya resto, ambako wanaume wanaingia na kutoka, watu watasema nini? Neno lake lilikuwa mtihani mmoja, na watoto wake walilisikia. Treni ya kushuka ikifika, atampandisha mpaka Bukama, kule atachukua mtumbwi. Nilirudi nikipiga mateke mawe.

Treni haikufika. Ilikuwa imekwama mahali fulani upande wa Kasai, na kila siku stesheni walisema kesho. Yule mzee naye alikuwa anaingoja hiyo hiyo arudi Lubumbashi. Na kwa kuwa alikuwa amepapenda kwangu, alikuja kula kwangu, mchana na jioni. Na jikoni alikuwa msichana wangu, kwa sababu mjomba alikubali jambo moja, kwamba hadi treni ifike, aendelee kunisaidia.

Siku za mwanzo nilitia chumvi mimi. Baadaye siku zake zikaisha, akaanza kutia mwenyewe. Mzee hakujua ni nani anayempikia. Mlango wa jiko una pazia, na anayepeleka sahani mezani ni mimi. Msichana alijua anampikia nani. Kila asubuhi aliponda tangawizi, akaichemsha, akanipa nikampelekee mzee kikombe kabla ya chakula. Mzee alidhani ni ukarimu wa nyumba. Kikohozi chake kikaanza kulainika, kisha kikawa cha asubuhi tu. Na alikula. Bwana yule alikula mpaka nikaona aibu ya kumwongezea.

Kila usiku nilijiambia kesho nitamweleza, kiapo na kife. Kila asubuhi nilimwona msichana akipuliza makaa, na nikameza maneno yangu. Kuapa si kazi. Kazi ni kuamka kila siku na kiapo hicho hicho.

Kisha habari ikaja kwamba treni imefika Kaniama, haiko mbali tena. Hiyo ina maana kwamba sasa ni kweli. Watu wakaanza kufunga mizigo, na resto ikajaa. Mzee alifika mapema na begi lake la ngozi, akala kuku kwa nyanya, na alipomaliza hakuinuka. Akaniita.

"Mama, ni nani anapikaka hapa kwako?"

Nikamwuliza kama kuna kibaya.

"Kibaya? Nimepika miaka mingi, sijakulaka kuku sawa hii tangu mama yangu afe. Unisikilize. Ule mutoto wa ile siku, ule wa kukosa chumvi, umulete hapa. Ajifunze ku huyu muntu yako wa cuisine. Atapona."

Niliapa kunyamaza juu ya siku zake. Juu ya mkono wake wa kupika sikuapa. "Ni huyu mmoja, papa," nikasema. "Ule na huyu ni muntu moya."

Akanikazia macho. Kisha akasema nimwite. Nikafunua pazia, na msichana, ambaye alikuwa amesikia yote, akatoka akijifuta mikono kwenye kitenge. Palikuwa na vijana wa reli, wafanyabiashara wa mahindi, mama mmoja na mizigo yake. Wengi wao ni wanaume, na wote wamegeuka.

"Weye njo ulipika hii?"

"Ndiyo, papa."

"Na ya jana? Na tangawizi?"

"Ndiyo, papa."

Mzee alilivuta begi lake kutoka chini ya meza, akaliweka mapajani. "Sikia," akasema. "Rapport yangu ya mutihani iko humu ndani. Sijaifunga. Mupishi wa hii kuku, siwezi kumuandika zéro, roho yangu haiwezi. Lakini ninapashwa kuandika sababu. Basi uniambie. Ile siku ulikuwaka na nini? Ulikuwa mugonjwa? Muntu alikufanyia mubaya? Neno moya tu, nitaandika."

Msichana aliniangalia. Nilimwambia kwa macho yangu, kwa uso wangu wote: sema. Sema ulikuwa mgonjwa, hata hilo ni neno, amekupa na neno lenyewe. Lakini ugonjwa hauzuii mkono kuchukua chumvi, na kila mama na kila mtoto wa mama katika chumba kile angeelewa mara moja ni ugonjwa gani. Aliwatazama wale wanaume, meza kwa meza. Kisha akamtazama mzee, na nilimwona akiyatazama mabega yake, yaliyokuwa yametulia.

"Nilisahau, papa," akasema.

Mzee hakuamini. Nina hakika hakuamini, kwa sababu alimngojea, na mkono wake ulikaa juu ya kifungo cha begi. Tena akauliza, "Ulisahau?" Akajibu ndiyo, alisahau. Mtu mmoja kwenye meza ya nyuma akacheka kidogo. Mzee akashusha pumzi, akasema maneno ambayo nadhani aliyasema mara nyingi jikoni mwake zamani, kwamba mpishi anaweza kusahau hata jina la baba yake, lakini chumvi, hapana. Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayefunga duka lake akiwa na mzigo bado ndani. Akalirudisha begi chini ya meza.

Msichana akapiga goti, akatoa sahani, akarudi jikoni. Nilimfuata, nikitaka kumkumbatia na kumpiga kofi kwa wakati mmoja, na nikamkuta ameshaanza kufunga chakula. Mzee alikuwa ameagiza kuku wa njiani, kwa sababu safari ya Lubumbashi ni ndefu na vitu vinavyouzwa madirishani havimfai. Msichana alimchagulia mapaja. Akaionja sosi nyuma ya mkono wake, akaongeza chumvi kidogo, akafunga vizuri kwa majani na karatasi.

Treni ilifika mchana ule. Mjomba mwenyewe alimsindikiza msichana, akampandisha kwenye mabehewa ya nyuma, kule ambako watu wanakaa juu ya magunia. Alikuwa na furushi moja na kile kijiko nilichomnunulia, ambacho hakuwahi kukitumia. Tuliagana kwa haraka. Alisema asante, mama, na mimi nikamwambia avae sweta. Kisha nikakimbia mbele, mpaka kwenye behewa zuri, kumpelekea mzee chakula chake.

Alikuwa amekaa dirishani, koti limefungwa hadi shingoni. Akakipokea kile kifurushi kwa mikono miwili, akakinusa, akafumba macho.

"Umuambie ule mutoto asanti," akasema. "Umuambie aendelee kupika. Kisha mwaka kesho arudilie examen, nitakuwa hapa."

"Umuambie weye mwenyewe, papa," nikamjibu. "Iko kule nyuma, mu train yako hii."

Akacheka, akidhani ninamtania, na akaniaga kwa mkono mpaka treni ikaondoka.